Matuta Yetu Madogo

Asubuhi ya siku tuliyomzika mdogo wangu Gaudensi, trekta lake lilikuwa limeegeshwa nje ya ua, limefunikwa turubai, na waombolezaji waliochoka kusimama waliegemea magurudumu yake. Mimi nilipewa kiti cha plastiki karibu na mlango kwa sababu ya magoti. Wanaume waliokaa nyuma yangu walikuwa wanazungumza habari za mbolea ya mwaka huu kuchelewa kufika Chala, na mmoja akasema bila mbolea hiyo hata kupanda hapandi, afadhali alale. Pius, mtoto wa kwanza wa Gaudensi, ambaye sasa ndiye mwenye mashamba, aliinama sikioni mwangu akauliza swali ambalo sikulitarajia msibani. "Shangazi, baba alikuwa anasema shamba la kwanza alilolilima na trekta lilikuwa na madoa. Madoa gani?" Nikamwambia aende akaangalie wachimbaji kwanza, nitamweleza baadaye. Alipoondoka nikabaki natazama lile turubai na kukumbuka mwaka mmoja tu, mwaka wa madoa.

Zilikuwa zama za Mwingereza. Nilikuwa na umri ambao wenzangu walikuwa wanaolewa, nami nilikuwa tayari na watoto wawili ambao sikuwazaa: Gaudensi, aliyekuwa ameanza kubadilika sauti, na Oresta, ambaye bado alilala na kidole mdomoni. Habari za wazazi wetu sitazieleza. Hawakuwapo, basi. Shule ya misheni nilikuwa nimeiacha darasa la tatu, na vitabu vyangu alivirithi Gaudensi, naye hakuvipenda. Tulikaa katika nyumba ya vyumba viwili upande wa Kizwite, mahali ambapo siku hizi pamejaa nyumba za bati na vibanda vya kuuzia vocha. Chumba kimoja tulilala, kingine tuliweka majembe, mbegu na mbuzi. Jikoni kulikuwa nje, kibanda cha nyasi chenye moshi mwingi kiasi kwamba mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi zilizokaukia moshini najikuta nimekaa pale, mwiko mkononi, nikisonga ugali wa ulezi na kumwambia Oresta asogeze miguu asiungue.

Tulikuwa na mashamba mawili. Moja lilikuwa mteremkoni, juu ya nyumba, na jingine bondeni kwenye tambarare, limepakana na la baba mdogo Kasiano. Yote mawili tuliyalima kama Wafipa wote walivyolima. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi zikiwa ndefu na mbichi, unakata udongo pamoja na nyasi zake, unaugeuza, majani yanaangalia ndani, unarundika mpaka unapata kilima cha duara. Kwa Kifipa ni intumba, na kwa Kiswahili chetu tuliliita tuta. Juu yake unapanda maharage. Kiangazi chote nyasi zinaoza humo ndani, na mvua mpya zikianza unakibomoa, unatawanya ule udongo mweusi na kupanda ulezi au mahindi. Kwa hiyo kazi ya mwaka huu unaila mwakani. Mtu akikuchukulia shamba katikati, amekuchukulia mwaka mzima.

Matuta yetu yalijulikana. Mtu mzima akikata udongo anavuta kutoka mbali, tuta lake linakuwa pana kama kitanda. Sisi mikono ilikuwa mifupi. Tulivuta kutoka pale ilipofika, kwa hiyo matuta yetu yalikuwa madogo na yamesongamana. Baba mdogo akipita alikuwa anasimama kwenye mpaka, jembe begani, na kucheka. "Mnapanda maharage au mnatengeneza viota vya kuku?" Gaudensi alikasirika kila mara. Mimi nilimjibu, "Shikamoo, baba mdogo," nikaendelea kulima, kwa sababu mtu ukimsalimia anapaswa kuitikia, na akishaitikia anakuwa amepoteza mwendo wa utani wake.

Mwaka huo, baada ya kuvuna maharage, jumbe aliita watu barazani. Aliyekuja kusema alikuwa Bwana Shamba, Selemani, mtu wa Tabora, mpole, mwenye kikohozi kilichomsumbua tangu alipopanda huku kwenye baridi. Alisema serikali inaleta trekta. Bonde lote mpaka miteremkoni litalimwa shamba moja kubwa la mahindi, bila vipande vipande, na kila mwenye kipande atapata fungu lake wakati wa mavuno. Watu wakaguna. Mzee mmoja akauliza mipaka itakuwaje. Bwana Shamba akasema trekta haliwezi kugeuka kwenye kila mpaka wa mtu, mipaka itatolewa, lakini kila mtu anakijua chake. Halafu akakohoa, akasema maneno ambayo nilikuja kuyatafakari kwa muda mrefu: "Mashamba yenye matuta yataachwa. Bwana Mkubwa mwenyewe atakuja kukagua. Haya, nani ana matuta?" Baraza zima lilinyoosha mikono. Hata tulicheka. Nani Ufipa hana matuta? Bwana Shamba naye alicheka, akafurahi, akasema hajaona wilaya yenye watu wasikivu namna hii. Tukarudi nyumbani kila mtu akiwa na amani.

Asiyekuwa na amani ni mimi, na sababu yake ilikuwa lile neno la kila mtu anakijua chake. Shamba letu tulilishika kwa kulilima. Hakukuwa na baba wa kusimama mbele ya jumbe na kusema mpaka wangu unapita hapa. Mpaka ukifutwa, wa kusema alikuwa baba mdogo, na yeye alikuwa na wana wakubwa waliokuwa wanatafuta mashamba. Hakuwa mtu mbaya. Alituletea chumvi, na Oresta alipougua alimbeba mgongoni mpaka misheni. Lakini nilishamsikia akimwambia mkewe, nyuma ya ghala lao, kwamba watoto watatu hawawezi kula mashamba mawili.

Kila wiki nilikuwa nikipeleka maharage mjini kwa Bi Zuhura, mke wa mwenye duka, nyumba ya Kiislamu yenye ua mpana wa nyuma ambako lori lao lilikuwa linatengenezwa. Bwana Shamba alipanga chumba kwao. Siku hiyo Bi Zuhura aliniweka nichambue maharage barazani, akanipa kikombe cha chai ya tangawizi na kipande cha chapati, nami nilikuwa nakitafuna polepole ili kinachobaki nimpelekee Oresta. Ndani, mlango wazi, Bwana Shamba alikuwa anakunywa uji na kulalamika.

"Nimeaibika, Bi Zuhura. Nimemwambia Mzungu Wafipa wote wana matuta. Jana nimezunguka. Hakuna hata mmoja! Wana vichuguu."

"Vichuguu vya mchwa?"

"Vichuguu vya kulima. Duara, duara, kama mtu kapanga vyungu. Mimi nilisema matuta. Tuta ni mstari, refu, linakata mteremko ili maji yasichukue udongo."

"Mh. Kwetu hata pale wanapopanda viazi, lundo moja wanaliita tuta."

"Mzungu hatakubali lundo."

"Basi kawaambie."

"Nitawaambia nini? Nimeshasema wanayo. Atakuja mwezi ukiandama, atajionea."

Bi Zuhura akacheka mpaka akashika ubavu. "Selemani, umekuja Ufipa kuwafundisha watu Kiswahili." Halafu akatoka, akanikuta na chapati mkononi. "Umesikia, binti?" Nikamwambia nimesikia. "Basi maharage yako nitachambua mwenyewe. Nenda."

Niliwaambia wote. Jumbe alisema Bwana Shamba mwenyewe alituona tukinyoosha mikono. Baba mdogo alisema, "Tuta ni tuta, binti wewe. Mzungu atakuja kubishana nami lugha yangu?" Nikamkumbusha kwamba Kiswahili si lugha yake. Akacheka, akasema hata Mzungu Kiswahili si lugha yake, kwa hiyo wako sawa. Nilipofika nyumbani nilisonga ugali, tukakaa kuizunguka sahani moja na mlenda, na samaki mkavu wa Rukwa ambaye kila mtu alimgusa kidogo ili amalizike pamoja na ugali. Nikasema kesho tunaanza kuunganisha matuta. Tutavuta kichwa cha kila tuta kuelekea tuta jirani mpaka yawe mstari. Nyasi zitabaki ndani, zitaendelea kuoza, na nje litakuwa tuta la Mzungu.

Gaudensi aliacha kula. "Kwa nini tusiache trekta lilime?"

"Mpaka utapotea."

"Dada, trekta linalima siku moja kazi ya ukoo mzima. Sisi tunalima kama panya. Umeiona mikono ya Oresta?"

Oresta akaificha mikono yake chini ya kanga. Nilimwambia Gaudensi kwamba nimeiona, na kwamba amalize ugali. Alikuwa anasema kweli. Watu wanaokuja siku hizi kuniuliza habari za kilimo cha zamani, wale vijana wa miradi, wanataka niseme kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri kwa ardhi. Kwa mgongo wa mtoto wa kike wa umri ule wa Oresta hakikuwa kizuri hata kidogo, na yeyote anayezungumzia la kwanza bila la pili hajawahi kushika jembe katika upepo wa kiangazi cha Ufipa, udongo ukiwa mgumu kama tofali na vidole vimekufa ganzi.

Tulianza mteremkoni, kwa kuwa pale hata mimi niliona maana ya maneno ya Bwana Shamba. Maji ya mvua yalikuwa yanapita kati ya matuta ya duara na kuchimba vijito vidogo. Mstari ungeyazuia. Kwa hiyo nilikuwa nafanya kazi kwa hofu ya kunyang'anywa, na wakati huohuo nilikuwa najifunza kitu, na sikupenda kwamba mambo hayo mawili yamekuja pamoja. Gaudensi alilima amenuna, lakini alilima. Watu waliopita walitushangaa. Wana wa baba mdogo walituimbia kwamba kuku wamehama, sasa tunatengeneza njia ya nyoka. Tulimaliza mteremko. Tulipoanza kujiandaa kwa bonde, Bwana Mkubwa, yule Mzungu, akaja.

Alikuwa mrefu, ana pua nyekundu kwa baridi, na alitembea haraka mno kiasi kwamba jumbe alikuwa anakimbia kidogo nyuma yake. Kwenye mashamba ya wengine hakusimama. Alitikisa kichwa tu, Bwana Shamba akatazama viatu vyake mwenyewe. Kwenye mteremko wetu alisimama. Alipanda juu ya tuta moja, akalikanyaga kwa kisigino, likafunguka, zikaonekana nyasi nyeusi zilizooza na minyoo. Akainama akachukua konzi ya ule udongo, akaunusa, akasema maneno mengi. Nilimwuliza Bwana Shamba amesemaje.

"Anasema sawa," Bwana Shamba akasema. "Lakini mistari imepinda."

"Mwambie kilima ndicho kilichopinda, Bwana."

Bwana Shamba alikohoa badala ya kutafsiri. Halafu Bwana Mkubwa akaelekeza fimbo yake bondeni, akachora nayo hewani mraba mkubwa, na nikajua bila tafsiri kwamba bonde limekwenda. Baba mdogo alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Shamba lake lote lilikuwa bondeni. Sikumwona akicheka, na sikumkumbusha lolote. Kwa hiyo sisi tulibaki nusu kwa trekta na nusu kwa jembe. Watu walidhani nilipima na kuamua hivyo, wengine wakaniita mjanja. Sikuamua. Mikono yetu iliishia pale ilipoishia, kama kawaida yake.

Trekta lilikuja na mvua za kwanza, jekundu, likiwa juu ya lori la kina Bi Zuhura, na shule nzima ya misheni ilitoroka kwenda kulitazama. Lilipita juu ya matuta ya bonde zima, yakalala. Mpaka wetu na baba mdogo ulikuwa ukingo wa nyasi wenye mti mdogo ambao sikujua hata jina lake, na sasa nilitazama kisigino cha jembe la trekta kikiung'oa kama mtu anayeng'oa gugu. Dereva alihitaji mtu wa kumwonyesha mawe yaliyofichika. Gaudensi alijitokeza kabla hajaulizwa. Kuanzia hapo alikuwa anarudi nyumbani ananuka dizeli, anakula akisimulia habari za gia, na Oresta alikuwa anamwuliza kama trekta linalala. Mimi na Oresta tulilima mteremko peke yetu. Tulipanda ulezi juu na mahindi chini kidogo. Bondeni walipanda mahindi yaleyale, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka.

Nilitaka mahindi ya bondeni yakatae. Nasema wazi, ingawa nusu ya chakula chetu ilikuwa humo. Hayakukataa. Yaliota vizuri kuliko yangu, na baba mdogo alianza tena kusimama kwenye njia yangu na kucheka. "Umeona, mwanangu? Na mimi nilikuwa nimekaa kivulini." Alikuwa pia ameanza kusema, mbele ya watu, shamba langu la bonde, akinyoosha mkono mpana kidogo kuliko zamani. Nilimwambia shamba letu linaanzia pale kwenye mti. Akauliza kwa upole, "Mti upi?"

Ndipo siku moja Gaudensi alikuja mbio kutoka bondeni, mchana, hata mikono hajanawa. "Dada, njoo upande kwenye trekta." Nikamwambia nina kazi. "Njoo. Mpaka wetu unaonekana."

Sikuwahi kupanda chombo chochote. Nilipanda pale pembeni ya kiti, dereva akinicheka, nimeshika chuma kwa mikono yote miwili, na Gaudensi akanielekeza kwa kidole. Kutoka chini ulikuwa huoni kitu ila mahindi. Kutoka juu, shamba lile kubwa lililopaswa kuwa moja lilikuwa na madoa. Kila mahali palipokuwa na tuta, mahindi yalikuwa meusi kwa ubichi na yamepita wenzake kimo, duara kamili, na kati ya duara na duara yalikuwa ya kawaida, mengine yameanza kuwa njano. Trekta lilikuwa limelaza matuta lakini halikuweza kuutoa ule mwaka uliooza ndani yake. Upande wa baba mdogo madoa yalikuwa makubwa na yameachana, kama vitanda. Halafu, ghafla, kwenye mstari ambao hata kipofu angeupapasa, yalianza madoa madogo, yamesongamana, mengi, kama viota vya kuku.

Nilimwita jumbe, nikamwita Bwana Shamba, na nikampelekea baba mdogo ujumbe wa heshima kwamba tunamwomba aje. Kila mmoja alipanda juu ya trekta kwa zamu yake. Jumbe alishuka anacheka. Bwana Shamba alikaa juu muda mrefu kuliko wote, na aliposhuka alisema tu kwamba angependa Bwana Mkubwa ayaone haya, kama angekubali kupanda. Baba mdogo alipanda wa mwisho. Alitazama, akakohoa kama Bwana Shamba, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Hivi viota ni vya watoto wa kaka yangu. Hakuna mtu mzima Ufipa anayetengeneza matuta mabaya namna hii." Siku hiyohiyo alileta mwenyewe vipande vya minyaa, akatusaidia kuvipanda kwenye mstari ule. Minyaa hiyo ipo hadi leo. Shamba kubwa lilidumu misimu michache. Mwaka wa pili madoa yalififia, wa tatu hayakuwapo, na mahindi yote yalikuwa sawa, yote njano. Halafu trekta likahamishiwa kwingine, na watu wa bonde walikuja kuulizana mipaka kwa miaka mingi. Sisi hatukuulizwa.

Lakini trekta lilipohama, Gaudensi alihama nalo. Aliniaga jikoni, amesimama, kwa sababu alijua akikaa nitampakulia. "Dada, shamba umelipata," alisema. Nikamwambia ndiyo, nimelipata, nikamfungia ulezi wa kukaanga kwenye kitambaa. Aliendesha matrekta ya watu wengine maisha yake yote mpaka alipopata lake, akarudi, akalima bonde letu lote na zaidi, kwa mbolea za gunia, na alipata mavuno ambayo mimi sikuwahi kuyaota. Mteremko wangu niliendelea kuulima kwa matuta yaliyopinda. Tulikula kwa pamoja sikukuu zote na hatukubishana. Mwishoni mwishoni tu, alipokuwa hawezi tena kupanda kwenye kiti, alianza kumwambia Pius asichome nyasi kabla ya kulima, aziache zilale chini ya jembe. Pius alidhani ni uzee.

Mazishi yalikwenda vizuri. Kaburi lilichimbwa karibu na minyaa, kwa kuwa ndivyo alivyotaka, na vijana wakalifukia kwa zamu. Watu walipoanza kutawanyika Pius alikuja, koleo mkononi, jasho limemkauka usoni, akanishika mkono nisijikwae.

"Shangazi, tuta limekaa sawa?"

Nilikitazama kile kilima cha udongo mbichi. Nikamwambia ni dogo, lakini litaonekana.